Uzoefu wangu: vidonge vya vitamini kwa sisi wavuta sigara

Nimetumia vidonge vya aina mbili nikiwa mvutaji wa kila siku. Vya vitamini C peke yake navipa nyota tatu. Lile kopo linalojinadi kuwa ni kinga ya mapafu, lenye betakarotini (rangi ya karoti ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A) na vitamini A yenyewe, nalipa nyota moja, na hiyo ni kwa kuwa lebo ilitaja kila kilichomo.

Nianze na vitamini C. Moshi wa sigara umejaa radikali huru, yaani chembe ndogo sana zisizotulia, zinazoshambulia mafuta, protini na DNA mwilini. Vitamini C huisha ikipambana nazo, ndiyo maana mvutaji huwa na kiwango cha chini kwenye damu. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2000 unampa mwanamume miligramu 90 kwa siku na mwanamke 75, kisha mvutaji aongezewe 35. Ni nyongeza ndogo, hata tunda linaitosheleza. Vidonge vyangu vilikuwa vya miligramu 500, vinamezeka vizuri, havina kiungulia ukila kwanza. Nilipopandisha dozi hadi karibu na miligramu 2,000, ambazo ndizo ukomo wa mtu mzima kwa siku, nikaharisha. Kikohozi cha asubuhi na kuhema kwenye ngazi havikubadilika.

Sasa hilo kopo la pili. Mfamasia aliponiuliza kama navuta, akageuza kopo na kunionyesha neno betakarotini. Nyumbani nikatafuta habari zake, nikashtuka kwelikweli. Ufini walifuatilia wanaume wavutaji 29,133 wa miaka 50 hadi 69. Matokeo yalitoka mwaka 1994: waliopewa miligramu 20 za betakarotini kila siku walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wasiopewa. Marekani nako, jaribio la CARET liliwapa wavutaji, walioacha kuvuta na waliofanya kazi kwenye asbesto (madini ya nyuzi ambayo vumbi lake hudhuru mapafu) miligramu 30 za betakarotini kwa siku pamoja na vitamini A. Likasimamishwa Januari 1996, miezi 21 kabla ya wakati, kwa sababu saratani hiyo ilizidi kwa asilimia 28 na vifo kwa asilimia 17. Hizo ni dozi za vidonge, jamani. Karoti kuleni bila hofu. Ila ona kwamba hata walioacha sigara walikuwemo humo. Kopo nililirudisha siku iliyofuata.

Vitamini E ilipimwa pia kwenye jaribio lile la Ufini, miligramu 50 kwa siku, na haikupunguza saratani ya mapafu.

Kwa hiyo ukinunua, geuza kopo usome nyuma, utafute betakarotini, mahali pengine huandikwa provitamini A. Ukiiona, na unavuta au uliwahi kuvuta, liache dukani. Watengenezaji nao nawaomba waweke onyo hilo mbele ya kopo kwa herufi kubwa, maana picha ya mapafu ndiyo inayotuvuta sisi tunaoogopa kuugua.