Masanduku ya nyuki na wavu wa malkia: uzoefu wangu, Muheza

Ninatumia mizinga ya fremu (vibao ambamo nyuki hujenga masega), masanduku mawili kwa mzinga, na nyavu za kumzuia malkia asipande kutaga kwenye asali ya sanduku la juu. Nyavu zangu ni za aina mbili: ya plastiki na ya waya wenye ubao pembeni. Kwa anayeanza, masanduku nayasifu. Wavu nao ni mzuri, ila wengi wanauweka mapema mno, halafu lawama zinawaangukia nyuki.

Masanduku yangu ni ya mtiki wa huku huku. Masika hayayapindi, lakini la chini likijaa kulinyanyua ni kazi ya watu wawili. Kabla hujalipa, toa rula. Nafasi kati ya fremu na ubavu wa sanduku iwe milimita 6 hadi 9, na kati ya fremu za chini na za juu vivyo hivyo. Ikipungua, nyuki wanaiziba kwa gundi. Ikizidi, wanajenga sega humo: ukiinua sanduku la juu, fremu za chini zinakuja nalo, majana (watoto wa nyuki) yanakatika, na hapo nyuki wanachachamaa kweli kweli.

Pima pia toka katikati ya fremu moja hadi katikati ya jirani yake. Vipimo vya Ulaya ni milimita 35, wakati nyuki wetu ni wadogo na wanajenga kwa 32 au 33. Mafundi wengi wananakili tu. Dawa yake ni randa: punguza mabega ya fremu, yaani sehemu pana za pembeni zinazogusana, na sanduku la fremu 10 litaingiza ya 11.

Sasa wavu. Upenyo wake ni kama milimita 4.2: nyuki kibarua anapita, malkia anakwama kifuani. Usiamini macho. Chukua biti mbili za drili. Ya milimita 4 ipite, ya 4.5 igome. Jaribu sehemu kadhaa, hasa pembeni, maana upenyo mmoja uliotanuka unatosha malkia mwembamba kupenya. Wa plastiki ni rahisi kwa bei, lakini unalala moja kwa moja juu ya fremu, joto la huku linaulegeza, na nyuki wanaugundisha nusu nzima. Wa waya una ubao unaoacha nafasi ya kutembea. Ningenunua huo tu.

Usiuweke siku moja na sanduku la juu. Nyuki hawapendi kupita wavu kwenda kwenye fremu tupu. Watasongamana chini, asali itabana nafasi ya mayai, kundi litagawanyika. Subiri fremu 7 au 8 za chini ziwe na masega na nyuki wamezifunika. Weka sanduku la juu bila wavu. Wakishaanza kujenga huko, fukiza moshi kidogo juu, washuke, ndipo uweke wavu.

Malkia kumwona si lazima. Rudi baada ya siku 4: yai huanguliwa siku ya 3, kwa hiyo ukikuta mayai juu, malkia yuko juu, au wavu unavuja. Kama majana yalishabaki juu, madume yatakayotoka hayapiti. Yanafia kwenye nyaya na kuziba njia. Sogeza sanduku la juu nyuma unene wa kidole yapate pa kutokea, uzibe baada ya siku 24. Miguu ya mzinga iwe na grisi wakati wote huo, siafu hawangoji.

Mwenye mzinga mmoja anaweza kuishi bila wavu kabisa: arine fremu zilizofunikwa nta angalau robo tatu, zenye majana azirudishe.

Maua yakipungua, toa wavu pamoja na sanduku la juu. Nafasi kubwa isiyo na walinzi ni ya nondo wa nta na mende wa mzinga, na nyuki wetu wakichoshwa wanahama. Wa waya ukwangue gundi kisha uumwagie maji ya moto. Wa plastiki maji hayo yanaukunja, na ukikunjika ndio basi.