Projekta ya sinema kwa sebule ya Jinja: uzoefu wangu

Namba ya lumeni, yaani kipimo cha mwanga unaotolewa na projekta, iliyochapishwa kwenye boksi ndiyo kitu cha kwanza ambacho muuza projekta humwonyesha mteja, na kwa maoni yangu ndiyo inayostahili kuaminiwa mwisho kabisa. Mimi naishi Jinja, Uganda, na sebuleni kwangu kuna projekta ya Epson ya mfumo wa LCD tatu, yenye pikseli 1920 kwa 1080 na inayotumia taa ya kawaida ya projekta, si LED wala leza. Nimeitumia wakati wa mvua na wakati wa kiangazi, kwa filamu, kwa mpira, na kwa michezo ya kompyuta ya wapwa zangu wanapokuja likizo. Ninaridhika nayo, ila kuridhika huko kunatokana na chumba changu, saa zangu za kutazama na umeme wa mtaa wangu zaidi kuliko sifa za mashine yenyewe. Mwenye mazoea tofauti na yangu anaweza kusoma maelezo haya akanunua kitu kingine kabisa, na akawa amenunua vizuri.

Nianze na saa, kwa kuwa ndizo zilizoamua. Sisi tulio karibu na ikweta tuna bahati moja: jua huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja jioni mwaka mzima, kwa hiyo mpenzi wa filamu ana giza la uhakika kila usiku na hana haja ya kulinunua kwa mapazia ya gharama. Mpenzi wa mpira hana bahati hiyo. Mechi za Ligi Kuu ya Uingereza zinazoanza saa tisa alasiri kwa saa za kwao hutufikia saa kumi na moja jioni wanapofuata saa za kiangazi, na saa kumi na mbili jioni wanapozirudisha saa nyuma. Zile za mapema za Jumamosi hutukuta saa nane na nusu au saa tisa na nusu mchana, jua likiwa bado kali. Mechi za Ligi ya Mabingwa wa Ulaya, nyingi zikiwa za saa nne au saa tano usiku, hazina tatizo lolote. Nyumbani kwangu mpira wa Jumamosi ni lazima, na sharti hilo peke yake liliondoa nusu ya projekta nilizokuwa nikizitazama.

Hesabu yake ni nyepesi, na ningependa kila mnunuzi aifanye kwenye karatasi kabla ya kupanda gari kwenda Kampala. Skrini yenye ulalo wa inchi 100 kwa umbo la 16:9 ina upana wa mita 2.21 na kimo cha mita 1.25, yaani eneo la karibu mita za mraba 2.8. Ukigawa lumeni za kweli kwa eneo hilo unapata luksi, ambacho ni kiasi cha mwanga kinachotua juu ya skrini. Kumbi za sinema za kidijitali hulenga mng'ao wa kandela 48 kwa kila mita ya mraba, na ili kuupata kwenye skrini nyeupe ya kawaida zinahitajika luksi 150 hivi. Kwa inchi 100 hizo ni lumeni 420 tu. Kwa hiyo projekta ndogo ya LED yenye lumeni 500 za kweli inamtosha kabisa anayetazama filamu usiku, taa zote za chumba zikiwa zimezimwa.

Mwanga wa nje unapoingia, mambo yanageuka. Tuseme mapazia yamefungwa lakini chumbani zimebaki luksi 100. Projekta ya lumeni 500 huongeza luksi 180 hivi juu ya hizo, kwa hiyo sehemu nyeupe ya picha huizidi sehemu nyeusi kwa chini ya mara tatu, na jezi nyekundu huonekana kama iliyofuliwa kwa jiki. Projekta ya lumeni 3,400 katika chumba hichohicho huongeza luksi zaidi ya 1,200, na tofauti hiyo hupanda hadi mara kumi na tatu. Hiyo bado si picha ya sinema, lakini namba za mgongoni zinasomeka na mpira haupotei kwenye nyasi. Mashine yangu ni ya daraja hilo.

Hesabu hii haina maana kama lumeni zenyewe si za kweli. Katika duka moja la katikati ya Kampala, kijana wa mauzo alinionyesha projekta ndogo nyeupe, nyepesi kuliko kamusi, akasema kwa fahari, "Bosi, hii ni lumeni elfu tisa." Nilimwomba aiwashe mbele ya ukuta pale pale dukani, na picha ikaonekana kwa shida. Namba za aina hiyo hazijapimwa kwa utaratibu wowote unaojulikana. Kipimo cha ANSI hutazama picha nyeupe katika sehemu tisa na kutafuta wastani, na kampuni kubwa siku hizi hutaja pia kiwango cha ISO 21118. Kama boksi limeandika "lumeni" bila moja ya majina hayo, mnunuzi ana haki ya kutoamini. Ujanja wa pili uko kwenye neno "inakubali". Projekta "inayokubali" picha za 1080 inaweza kuwa na pikseli 1280 kwa 720, au hata 854 kwa 480, na kazi yake ni kuisonga picha kubwa ndani ya nafasi ndogo. Ulizeni pikseli asilia za mashine, na mkipewa jibu la mzunguko, ondokeni.

Kuna soko la pili ambalo wengi hukimbilia, nalo ni la projekta zilizotumika maofisini, mashuleni na makanisani. Nilizifikiria kwa makini, kwa kuwa nyingi ni mashine imara zenye lumeni za kweli, na bei yake inavutia. Kikwazo ni umbo. Nyingi zina pikseli 1024 kwa 768, umbo la 4:3 lililofaa kwa hotuba na takwimu. Filamu ya 16:9 ikiwekwa humo huacha mistari mitupu juu na chini na kutumia pikseli 1024 kwa 576 tu. Halafu muuzaji atakuonyesha kwenye menyu kwamba taa imefanya kazi saa chache, na huna namna ya kumthibitisha, maana hesabu ya saa za taa inaweza kurudishwa sifuri na yeyote mwenye rimoti. Kwa mtu anayetaka kuonyesha mechi tu uani kwake, ningesema achukue na asijali. Kwa filamu, hapana.

Baada ya kuondoa hizo, nilibaki na mifumo miwili. Projekta za DLP, ambazo kampuni kama BenQ na Optoma huziuza kwa wingi, hutumia chipu ndogo yenye vioo vidogo mno vinavyogeuka, na katika zile za kawaida zenye taa rangi hupatikana kwa gurudumu linalozunguka kwa kasi mbele ya mwanga. Picha yake ni kali na weusi wake mara nyingi ni mzuri. Hata hivyo, baadhi ya watu huona vimulimuli vya nyekundu, kijani na buluu wanapohamisha macho haraka. Mimi sivioni kabisa. Mke wangu huviona kila mara, na aliponiambia pale dukani kwamba majina yanayopita mwishoni mwa filamu yanamchoma macho, mjadala ulikwisha. Mpelekeni kila mtakayetazama naye kabla ya kulipa. Mfumo wa LCD tatu huonyesha rangi zote kwa pamoja, hauna gurudumu, na mwanga wake wa rangi ni sawa na mwanga wake mweupe. Gharama yake, kwa mashine za kiwango cha bei niliyoweza kulipa, ni weusi unaoelekea kijivu, na mtu mwenye sebule yenye dari na kuta nyeupe kama yangu hataiona sana tofauti hiyo, kwa kuwa mwanga wa picha yenyewe hurudi kutoka kwenye kuta na kuufifisha weusi wowote ule.

Sasa umeme, ambao katika tathmini nyingi za kutoka nje hautajwi kamwe. Taa ya projekta hufanya kazi kwa joto kali, na umeme ukikatika ghafla haiwaki tena hadi ipoe. Umeme unaweza kurudi baada ya sekunde mbili, lakini penalti itapigwa na kurudiwa kwenye marudio huku mkitazama ukuta. Feni nayo husimama wakati taa bado ina moto, jambo lisilosaidia maisha yake. Kwa sababu hiyo niliweka kifaa cha UPS cha VA 1,000, chenye betri inayoshika umeme unapokatika, kwa ajili ya projekta na king'amuzi peke yake. Kinanipa dakika chache, zinazotosha kuvuka kukatika kwa muda mfupi au kuizima mashine kwa utaratibu wake. Bila UPS, nisingemshauri mtu yeyote wa hapa anunue projekta ya taa. LED na leza hazina udhaifu huo, na LED hudumu saa 20,000 au zaidi, wakati taa ya kawaida hudumu saa elfu nne au tano kwa mwanga kamili na zaidi kidogo katika hali ya kubana matumizi.

Upande wa matumizi, mashine ya taa hula wati 300 hivi, kwa hiyo filamu ya saa mbili ni uniti 0.6 za yaka, umeme wetu wa kulipia kabla, ambazo hazinishtui. Kwa anayeishi kwa sola, picha ni nyingine: betri ya volti 12 yenye Ah 100 ina wati-saa 1,200, na kama ni ya asidi haifai kuitumia zaidi ya nusu. Nusu hiyo ni saa mbili kwa projekta ya taa na saa sita kwa LED ya wati 100. Ndugu yangu wa kijijini aliponiuliza anunue ipi, nilimjibu LED bila kusita, ingawa mimi mwenyewe sikuinunua.

Kuhusu kuifunga, pimeni chumba kwanza. Kila projekta ina uwiano wa umbali kwa upana wa picha. Yenye uwiano wa 1.3 inahitaji karibu mita 2.9 ili itoe inchi 100, na sebule ya mita nne inaimudu vizuri. Fundi alitaka kuibandika pembeni na kunyoosha picha kwa marekebisho ya kidijitali. Nilikataa, kwa kuwa marekebisho hayo hukata sehemu ya pikseli ulizozilipia. Ikae katikati, ikiwa imenyooka, na isumbuke waya badala ya picha. Skrini ya kuvuta niliiacha dukani. Ukuta uliolainishwa vizuri na kupakwa rangi nyeupe isiyong'aa unanitosha.

Swali ninaloulizwa mara nyingi ni kwa nini sikununua 4K, yenye pikseli mara nne ya hizi zangu. Chaneli nyingi za ving'amuzi tunavyotumia hapa hurushwa kwa HD au chini yake. Filamu zilizotafsiriwa kwa Kiganda na ma-VJ, wasimulizi wanaozungumza juu ya filamu, ambazo mama mkwe wangu hatazami nyingine, mara nyingi hufika kwenye flashi zikiwa zimebanwa mno, na kwa inchi 100 kila kasoro hujitokeza. Pikseli za ziada zingezidi kuzianika kasoro hizo. Wale wenye intaneti nzuri na usajili wa 4K wana sababu zao, na nazikubali.

Sauti ya projekta yenyewe isiwahangaishe. Ni ya dharura tu. Toeni sauti kwenye king'amuzi kwenda kwenye sabufa kwa waya, wala si kwa bluetooth, ambayo huichelewesha hadi midomo na maneno yakaachana. Mvua ikipiga juu ya mabati, hakuna sabufa itakayosaidia.

Vumbi jekundu la barabara zisizo na lami ndilo adui wa kudumu. Kichujio cha hewa cha mashine yangu hutoka na kusafishwa kwa urahisi, nami hukisafisha mara nyingi kuliko kitabu kinavyoelekeza. Projekta nyingi za bei ndogo hazina kichujio cha maana, na vumbi likishaingia huonekana kama madoa kwenye picha. Wanaoishi Kabale, kwenye kimo cha karibu mita 2,000, wakumbuke pia kuwasha hali ya nyanda za juu, ambayo Epson huelekeza itumike kuanzia mita 1,500. Feni huongeza kasi na kelele, lakini hewa nyepesi haipozi vya kutosha bila hiyo. Kuionyesha nje kunapendeza isipokuwa msimu wa senene, hasa Novemba, ambapo mwanga wote ule huwaita wadudu na skrini hugeuka kuwa mtego.

Jambo ambalo bado sijaliamua ni taa ya akiba. Ya mtengenezaji ni ghali, na ya kuiga hupatikana kwa sehemu ndogo ya bei hiyo, ila mwanga wake hutofautiana kati ya moja na nyingine na waranti yake huishia mlangoni mwa duka. Kwa sasa nimeiweka mashine katika hali ya kubana matumizi kwa filamu za usiku, na mwanga kamili nimeuachia mpira wa Jumamosi.