Keki ya Boksi ya Kula Baridi: Nimeitengeneza Mara 4

Sikuwa na imani na unga wa keki wa boksi. Nimezoea kupima unga mwenyewe na kuchapa siagi na sukari mpaka mkono uchoke, na keki zangu hutoka vizuri. Ila nikiziweka kwenye friji zinakakamaa. Nilikuwa nataka keki ya kula baridi, ile inayotobolewa matundu kisha ikamiminiwa jeli, na mapishi yangu yaliniangusha kila nilipojaribu. Ndipo nikanunua boksi la unga wa keki ya vanila na pakiti ya jeli ya stroberi.

Kwa kazi hii boksi limeishinda keki yangu, na nasema hivyo baada ya kurudia mara 4. Siri ni mafuta. Ndani ya boksi kuna unga, sukari na beking pauda vilivyokwisha kupimwa. Wewe unaongeza mayai 3, maji na mafuta ya kupikia. Siagi huganda kwenye baridi lakini mafuta ya maji hubaki maji, ndiyo maana kipande kinatoka kwenye friji kikiwa bado laini. Kuoka hakuna la kueleza: fuata boksi.

Matundu ndiyo yaliyonisumbua. Mara ya kwanza nilitumia kijiti cha meno. Jeli haikupenya, ikaganda juu kama utando wa mpira. Mara ya pili nikatumia mpini wa mwiko, nikapata mabonge ya jeli na keki iliyomeguka nikiikata. Sasa natumia uma wenye meno marefu, natoboa kila baada ya sentimita moja na nusu, karibu mpaka chini. Iache keki ipoe kama dakika 15 kwanza, maana ikiwa ya moto sana inachanika.

Halafu maji ya jeli. Pakiti yangu ilisema vikombe 2. Hayo ni ya jeli ya bakuli. Ukiyamimina yote kwenye keki inalowa chapachapa. Mimi natia kikombe 1 tu cha maji yanayochemka, nakoroga dakika 2 nzima mpaka punje ziishe, kisha namimina polepole nikianzia pembeni, kwa sababu katikati hujipatia yenyewe.

Mara ya tatu niliharibu kabisa. Nilitaka ladha ya nanasi, nikachanganya jeli na juisi ya nanasi bichi, yaani lisilopikwa. Kesho yake asubuhi keki ilikuwa bado inachuruzika. Nanasi bichi lina kimeng'enya kinachokatakata protini ya jelatini, ile inayoigandisha jeli, na papai na kiwi ni vivyo hivyo. Nanasi la kopo halina shida kwa kuwa limeshapitia moto. Iliniuma, maana wageni walikuwa njiani, na boksi la keki wala pakiti ya jeli havikuwa na hata mstari mmoja wa onyo.

Jambo jingine, soma pakiti kabla hujawakaribisha watu: jelatini hutokana na ngozi na mifupa ya wanyama, na wapo wasioila. Jeli ya agari, inayotokana na mwani, inafaa pia, ila huanza kuganda hata kabla haijaingia kwenye friji, kwa hiyo imwage ingali ya moto.

Muda wa friji usiupunguze. Saa 4 zinatosha jeli kushika, lakini ukiiacha usiku kucha ladha inaenea hadi chini, na ukikata unaona michirizi myekundu imesimama wima ndani ya keki nyeupe. Hapo ndipo napaka krimu iliyochapwa ikiwa baridi, bila sukari hata chembe. Lawama yangu kubwa kwa boksi ni utamu: umezidi, na jeli inaongeza mwingine. Krimu isiyo na sukari ndiyo inayouweka sawa.

Ifunike vizuri, kwani krimu hunyonya harufu ya vitunguu haraka sana. Siku ya pili ni tamu kuliko ya kwanza. Kufikia siku ya nne krimu inaanza kutoa maji, ila kwangu haijawahi kufika huko isipokuwa mara moja. Boksi lijalo litakuwa la limau, na jeli ya limau.