Pambo la kadi ya Krismasi lipite kwenye tundu la milimita 5: nilichojuta kununua, na ninachonunua sasa

Shangazi yangu wa Glasgow alinipigia simu tarehe 19 Desemba, mwaka juzi. Hakuanza na salamu, na si kawaida yake.

"Mwanangu, hii kadi umenitumia au umenidai?"

Mtu wa posta hakuwa amemletea kadi. Alikuwa amemwachia kikaratasi cha kijivu: barua yako ipo, stempu haikutosha, lipa kwanza ndipo uipate. Akalipa. Akafungua. Ile lakiri, nta ya kupigia muhuri bahasha, niliyoikesha nikiiyeyusha ilikuwa imegeuka unga mwekundu chini ya bahasha, na kinyota cha chuma nilichokibandika juu yake kilikuwa kimetoboa kadi na kumchana malaika shavu.

Kadi za namna hiyo nilikuwa nimetuma 34. Watatu wengine walinipigia. Waliobaki nadhani walilipa wakanyamaza kwa adabu, na hao ndio wanaoniuma zaidi.

Mkosaji alikuwa seti moja ya "kifahari" niliyoinunua mtandaoni kwa pauni 14: kijiko, mshumaa, vijiti sita vya lakiri, muhuri wenye kulungu, na kifuko cha vinyota. Picha ya tangazo ilikuwa ya bahasha nzuri ajabu iliyolala juu ya majani ya msonobari. Ililala, haikusafiri. Hakuna mahali muuzaji aliposema kitu hiki kina unene gani, na mimi sikuuliza, kwa sababu nani anauliza unene wa pambo?

Basi sasa nauliza. Mwongozo huu hauna habari za rangi gani inaenda na nini, wala kadi ipi ina maneno matamu. Hayo mnayajua. Mimi nina swali moja tu kwa kila kitu ninachokinunua kuanzia Oktoba: ni kinene kiasi gani?

Kwa wale wa Uingereza, kanuni ya Royal Mail ni hii. Barua ya kawaida haizidi sentimita 24 kwa 16.5, haizidi gramu 100, na haizidi milimita 5 za unene. Ikizidi kimoja tu kati ya hivyo, inakuwa barua kubwa, na barua kubwa ina stempu yake ya bei ya juu. Bei zimekwenda kwa ukubwa hivi tangu 2006. Unene nao unahesabiwa pale bahasha ilipovimba zaidi. Hata kama pembe zote nne ni bapa kama karatasi, kifungo kimoja cha koti katikati kinatosha kukupeleka daraja la juu. Na zile kadi za mraba zenye bahasha ya sentimita 17, hizo ni barua kubwa hata zikiwa nyembamba kama chapati ya maji.

Mnaosoma mkiwa Marekani, kwenu kikomo ni robo inchi, mna nafuu kidogo ya unene. Lakini bahasha ya mraba, au yenye uvimbe na vitu vigumu ndani, inaongezewa ada kwa sababu mashine haiwezi kuichambua. Msicheke.

Kipimo changu ni hiki. Chukua sarafu tatu za peni 20, zipange moja juu ya nyingine. Kila moja ina milimita 1.7, kwa hiyo tatu zinazidi milimita 5 kwa nywele tu. Ziegemeze kwenye kifuniko cha boksi la viatu, chora mstari juu na chini, kisha kata tundu refu ukipita ndani ya mistari. Bahasha ipite kwa uzito wake yenyewe, bila kusukumwa. Ukiisukuma unajidanganya. Mashine haina huruma ya kidole chako.

Kwenye kadi na bahasha, kwa mpangilio wangu

Nafasi ya kwanza ni kalamu ya jeli nyeupe, na hapa sijifichi: ni Gelly Roll ya Sakura, basi. Hawa Wajapani wa Osaka ndio walioanzisha wino wa jeli mwaka 1984, na nimejaribu kalamu nyingine nne za kuiga. Mbili zilikauka kabla ya kadi ya kumi, moja ilitema wino kama mtoto anayeota meno, na ya nne sitaki kuizungumzia. Chukua namba 10, yenye mstari mnene. Nunua bahasha za kijani kibichi au nyekundu ya damu ya mzee, chora theluji pembeni, matawi mawili, nyota tatu. Unene unaoongezeka: sifuri. Wino ukikataa kutoka, zungushia kalamu kwenye soli ya kiatu cha mpira, utakuja. Acha ukauke dakika chache kabla hujapanga bahasha moja juu ya nyingine.

Ila anwani usiandike kwa nyeupe. Mashine za posta zinasoma wino mweusi juu ya karatasi nyeupe, kwa hiyo bandika kilebo cheupe kwa ajili ya anwani na uzuri wako ubaki pembeni. Kadi zangu mbili za mwaka jana zilizunguka wiki mbili kwa sababu niliona kilebo kinaharibu mandhari.

Pamoja na kalamu naweka stempu yenyewe, maana watu wanaisahau kuwa nayo ni pambo. Uingereza ilitoa stempu zake za kwanza za Krismasi mwaka 1966, na michoro ilikuwa ya watoto wawili wa miaka sita walioshinda shindano, mmoja alichora mtu wa theluji. Stempu za kawaida zisizo na msimbo wa mistari ziliacha kutumika mwaka 2023, lakini zile za picha, za Krismasi zikiwemo, bado zinatumika. Kama una za zamani kwenye droo, zitoe. Bahasha yenye stempu ya Krismasi ya miaka kumi iliyopita inapendeza kuliko utepe wowote.

Nafasi ya pili inaenda kwa lakiri, ndiyo, ileile iliyoniaibisha. Sikuwa nimekosea kupenda lakiri, nilikosea aina. Lakiri ya asili ni ngumu na inavunjika, tena kwa makusudi: ikivunjika unajua barua ilifunguliwa. Karne ya 17 hilo lilikuwa jambo jema, maana hapakuwa na mashine inayoikunja barua ikizunguka roli. Leo unahitaji ile inayopinda. J. Herbin, kampuni ya Kifaransa iliyokuwepo tangu 1670, wanatengeneza zote mbili, hivyo soma boksi: tafuta neno Supple. Ukikipinda kijiti chake kidogo kinakubali, hakilii "tak".

Weka tone dogo kuliko unavyodhani. Mimi natumia robo ya kijiko, ubapa wa shilingi mia. Muhuri ulaze juu ya kipande cha barafu kwanza, ufute maji, kisha gandamiza na uhesabu hadi kumi na tano. Ukiwa baridi haugandi na lakiri. Nikiipima lakiri napata milimita 2 hivi; hata ukiongeza kadi na bahasha mbili, tunabaki chini ya 4. Kwa mtu muhimu, tia bahasha yenye lakiri ndani ya bahasha nyingine ya kawaida. Wengine wataona ni ulimbwende. Shangazi anastahili.

Ya tatu ni mihuri ya mpira na kidau cha wino wa dhahabu. Ni nzuri, ni bapa, sina la kuongeza.

Stika za pauni moja zinabanduka. Tuendelee.

Mkiani kabisa: tepe zenye mafundo, vifungo, kengele ndogo, vijiti vya mdalasini (nimeviona!), na lile vumbi la kumetameta. Vumbi halina unene, nakubali, lakini kadi yenye vumbi hilo haipokelewi kwenye karatasi za kurejelezwa, na Februari bado unalikuta kwenye zulia na kwenye kope za mtoto. Morrisons na Waitrose, maduka makubwa ya Uingereza, waliliondoa kwenye bidhaa zao za Krismasi mwaka 2020. Sasa kwa nini nyie bado mnalinunua?

Na kabla hujasema milimita ni jambo dogo, ngoja tuhesabu. Mwaka 2012 stempu ya daraja la kwanza ilipanda ikafika peni 60, watu wakalalamika. Aprili 2025 ikafika pauni 1.70. Kadi zangu 34 kwa bei hiyo ni pauni 57.80, kabla sijanunua hata kadi yenyewe. Kwa daraja la pili, lililokuwa peni 87 wakati huo, ni pauni 29.58, ndilo ninalotumia na ndiyo maana naanza kuandika Novemba mwanzoni. Zile za kwenda nyumbani Tanzania zinatangulia zaidi, na usisahau S.L.P., maana jina la mtaa peke yake halifiki mbali. Mtu akilipa fedha zote hizi halafu mpokeaji alipishwe tena kwa sababu ya kengele ya bati, hapo si Krismasi, ni ugomvi wa kifamilia.

Ndani ya nyumba: unene uleule, ila sasa ni kabati

Nyumba yangu ina vyumba viwili na kabati moja, na nusu ya kabati hilo ina mtambo wa maji ya moto. Wauzaji wa mapambo wanakuonyesha picha ya Desemba. Hakuna anayekuonyesha tarehe 7 Januari, siku baada ya Epifania, umesimama sebuleni umekumbatia shada la plastiki lenye ukubwa wa tairi la bodaboda, huna pa kuliweka. Langu liliishi chini ya kitanda miaka miwili. Usiku ukijigeuza unalisikia linanong'ona.

Kwa hiyo swali ni lilelile: likikunjwa, linabaki na unene gani?

Namba moja ni nyota ya Herrnhut. Nimekulia Tukuyu, kwenye kanisa la Moravian, na nyota hiyo niliiona kwanza kwenye kalenda ukutani kwa bibi, nikadhani ni ua la aina fulani. Herrnhut ni mji mdogo mashariki mwa Ujerumani, makao ya Wamoravian; kutoka kwa watu hao ndio walikuja wamisionari waliofika Rungwe mwaka 1891. Nyota ilianzia kwenye shule yao ya bweni katika karne ya 19, kama zoezi la jiometri. Ina ncha 25: 17 zenye kitako cha mraba, 8 za pembetatu. Inatundikwa Jumapili ya kwanza ya Majilio mpaka Epifania.

Lakini mimi siipendi kwa historia tu. Ile ya karatasi unaiunganisha mwenyewe kwa pini zile za ofisini zenye miguu miwili, na Januari unaifungua yote, ncha zinaingiana kama vikombe vya kahawa vya karatasi. Nyota iliyojaza dirisha inarudi kwenye boksi lake jembamba. Kuiunganisha mara ya kwanza kulinichukua saa mbili na nusu na maneno ambayo mchungaji hapaswi kuyasikia. Mara ya pili, dakika arobaini. Kwenye majina ya ukubwa, herufi i ni ya ndani na a ni ya nje. Usitundike ya i kibarazani halafu uje kulalamika kwangu mvua ikinyesha. Si rahisi kwa bei. Mimi naagiza kupitia rafiki aliyeko Ujerumani.

Na hapa niwaseme wauzaji wa nyota za kuiga. Wanatumia picha ya nyota iliyofunguliwa vipande, wanakuletea dude la plastiki lililoshikamana daima, halikunjiki wala halifunguki. Nilimwandikia mmoja: "Likihifadhiwa linachukua nafasi gani?" Akajibu: "Asante kwa kupenda bidhaa zetu." Nikauliza tena. Akanitumia kuponi ya asilimia 10.

Namba mbili ni bendera za vitenge. Vipande vilivyobaki kwa fundi, ukate pembetatu kwa mkasi wa meno ili visichanike nyuzi, ushone kwenye utepe wa pamba. Mita tano zikikunjwa zinaingia kwenye bahasha ya khaki. Vitenge vyekundu na kijani ndiyo, lakini bora zaidi ni vile vya buluu na manjano, sebule inakuwa kama imealikwa watu.

Tatu, mapambo ya karatasi yanayofunguka kama sega la nyuki, kengele na mipira. Yanafungwa yakawa bapa kabisa. Tatizo ni kile kibanio, kagua dukani kama kinashika.

Taa: za nje ziwe na alama ya IP44 (kinga ya maji yanayoruka), hilo limeandikwa kila mahali. Zile nyembamba za waya wa shaba zinazunguka kwenye kipande cha kadibodi na kuisha. Msomaji mmoja aliniandikia kuwa za kwake zilikuja na betri za kitufe kwenye kiboksi kisicho na skrubu, na ana mtoto wa miaka miwili. Dada, zirudishe. Betri hiyo ikimezwa inaunguza koo.

Mti wa plastiki siuweki kwenye orodha mpaka mtu anionyeshe unaorudi kwenye boksi lake la kwanza.

Kadi ya shangazi ya mwaka huu nimeshaiandika, bahasha ya kijani, matawi meupe, tone moja la lakiri, na bahasha ya pili juu. Nimeipitisha kwenye tundu mara mbili. Ya tatu nilimpa mtoto aipitishe, isije ikawa mkono wangu unaipendelea.