"Only" kwa Kiswahili: "tu" au "pekee"?

Swali hili hurudi kila mtu anapotafsiri tangazo. Kwa ufupi wa maandishi na upole, "tu" inashinda. "Pita tu" ni ruhusa. "Pita pekee" haisemeki, kwa sababu "pekee" hushikamana na nomino au kiwakilishi, si amri.

Ila "tu" ina utata. "Nilinunua zabibu tu" sokoni Majengo yaweza kumaanisha sikununua kingine, au sikufanya kingine. "Zabibu pekee" hufunga mjadala. Tena "sisi tu wakulima wa Kongwa" husomeka kwa njia mbili: ni sisi peke yetu, au sisi ni wakulima, maana "tu" pia ni kitenzi cha kuwa. Kosa hili hupita wahariri wengi, inasikitisha.

Kwa hiyo mlango wa ofisi Mtumba uandikwe "Watumishi pekee". Ukimwambia mgeni bei, "elfu mbili tu" inatosha. Angalia usichanganye: "mtoto wa pekee" hana ndugu, "mtoto peke yake" hana mtu wa kumwangalia.

"Only" ya majuto, "if only", haihitaji lolote kati ya haya: tumia "laiti".