Kupiga Kura kwa Mwenye Ulemavu Mjini Lamu: Tathmini ya Kituo Kimoja

Tathmini hii ni ya kituo kimoja cha kura katika mji wa kale wa Lamu, kilichowekwa kwenye madarasa ya shule, ambako katika uchaguzi wa tarehe 9 Agosti 2022 nilifuatana na shangazi yangu anayetumia kiti cha magurudumu na jirani yetu asiyeona.

Foleni ilisimamiwa kwa adabu. Karani aliwapitisha mbele bila kuombwa, na waliongoja tangu alfajiri hawakunung'unika.

Vichochoro vyetu havipitishi gari, na kiti husukumwa kati ya punda na mitaro. Hayo ni ya mji wenyewe na simlaumu mtu. Lakini vidato vya mlango wa darasa vingeweza kuwekewa ubao wa mteremko, kazi isiyomshinda seremala yeyote wa hapa Lamu. Badala yake vijana walimbeba shangazi juu juu, na ingawa walifanya hivyo kwa heshima, mtu mzima hapaswi kubebwa mbele ya majirani ili aifikie haki yake. Ndani, meza ya kituturi, yaani kizuizi cha kutilia alama kwa siri, ilimzidi kimo, akalazimika kutia alama mapajani, machoni pa wapitao.

La jirani yetu lilinihuzunisha zaidi. Kanuni zinamruhusu asiyeona kuja na msaidizi anayemwamini, naye msaidizi huyo haruhusiwi kumsaidia mpiga kura mwingine. Asipokuwa naye, msimamizi wa kituo humtilia alama mbele ya mawakala. Jirani yetu hakuwa na msaidizi wake, hivyo alitaja kwa sauti chaguo lake la rais, gavana, seneta, mwakilishi wa wanawake, mbunge na mwakilishi wadi, wakimsikia mawakala wa wagombea hao hao, katika mji ambao kila mtu anajua nyumba ya mwenziwe. Kifungu cha 38 cha Katiba kinampa kila raia mtu mzima kura ya siri, na cha 54 kinataja waziwazi nukta nundu, maandishi ya wasioona yasomwayo kwa vidole. Ganda la karatasi ngumu lenye matundu na nukta nundu, ambamo karatasi ya kura huingizwa, lingemwezesha kujitilia alama mwenyewe.

Kwa heshima ya makarani nakipa kituo hiki nyota mbili kati ya tano. Kabla ya tarehe 10 Agosti 2027, familia zenye asiyeona zikubaliane mapema nani atamsindikiza, na wasimamizi wa kituo waagize ubao, meza fupi na maganda hayo sasa.