Chuo kinasema hakuleta kazi, na faili iko pale pale

Faili ya binti mmoja mwanafunzi, aliyoipakia kwenye programu ya masomo ya chuo chake, ipo. Nimeifungua mwenyewe, kurasa zote zimo, na saa aliyoipakia imeandikwa pembeni: saa tatu na kitu usiku, na mwisho wa kupokea ulikuwa saa sita. Chuo kimempa sufuri. Eti ile ni rasimu.

Nina saiba, duka la kompyuta na mtandao, hapa Langoni, Lamu. Zamani watu walikuja kuchapa barua na kutoa kopi. Siku hizi wengi ni wanafunzi wanaosoma kwa mtandao, na kazi yangu ni kukaa nao kwenye kiti cha pembeni niwaonyeshe pa kubonyeza. Mifumo ya vyuo nimeiona mingi. Huu wa chuo hiki ndio ulionichoma.

Ukishapakia kazi, unabonyeza kitufe cha kuhifadhi. Ukurasa unafunguka, faili yako hiyo, na jina na saa. Nani asiyetulia moyo hapo? Kumbe kuna kitufe cha pili, cha kuwasilisha, na kwenye simu kimejificha chini kabisa ya jedwali refu. Usipokibonyeza, hakuna onyo wala ujumbe unaokuja. Muda ukipita kinatoweka, na kazi yako inahesabika haikuletwa. Binti alikuwa kwao Kizingitini, kisiwani Pate, usiku ule, na simu tu, mtandao unakuja na kukatika. Angekijuaje?

Alikuja kwa boti, kusi limechacha, pindo la buibui limerowa maji ya chumvi. "Ami, niangalilie, wanasema sikuleta." Tukapiga simu kitengo cha msaada. Nimeanza kueleza, nakatizwa: "Wewe ni nani wake? Aongee mwanafunzi mwenyewe." Sawa, ni haki yao, nikampa simu. Akaambiwa, nami nasikia: "Soma maelekezo. Wenzako wote wameweza, wewe una nini?" Kisha ikakatwa. Akabaki ameishika sikioni, hajui kama amalize sentensi yake au anyamaze.

Sitaki kuidhulumu programu yenyewe. Ni nyepesi, notisi za masomo zinafunguka hata mtandao ukiwa dhaifu, na mtihani mdogo ukikatika katikati majibu uliyokwisha kuhifadhi hayapotei. Kwa mtu wa kisiwa cha Pate, ambaye maji yakishakupwa mlango wa bahari wa Mkanda haupitiki kwa boti, kusoma bila kuhamia Mombasa ni neema, wallahi. Wiki moja kabla ya haya ningewaambia nyote jiandikisheni.

Lakini nina wanafunzi wa chuo kingine wanaotumia mfumo huu huu, na kwao kitufe cha pili hakipo kabisa. Ukihifadhi, imefika. Maana yake ni mpangilio tu, mtu ofisini aliuchagua, na anaweza kuuondoa leo kabla ya chai ya saa nne. Na mhadhiri anaweza kumfungulia mwanafunzi mmoja muda wa ziada bila kuwagusa wengine, nimeona ikifanyika. Sasa "haiwezekani" waliyotuandikia baadaye kwa barua pepe ni ya nini? Faili wanaiona! Waisome wamtoe makosa, apate hata alama za chini, lakini ziwe za kazi aliyoifanya.

Mwenye mwana kwenye chuo cha namna hii, msiamini kuona jina la faili. Teremkeni mpaka chini, tafuteni neno linalosema imewasilishwa, mpige picha skrini hapo hapo.

Nilikusudia kuipa nyota tatu kwa ule wepesi wake. Naandika huku binti anaambiwa arudie somo zima na alipie tena, na babake mvuvi. Basi moja, na hiyo moja ni ya waliotengeneza programu. Kitengo cha msaada sikipi kitu mpaka wamjibu yule mtoto kwa adabu.